Alama ya Baba kwa Hesabu

Mwalimu aliyenifundisha kuchora kwa hesabu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, na siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alinitoa nje ya duka letu la Kakuma, akachomeka kijiti mchangani, akakifunga uzi, na kwenye ncha ya uzi akafunga msumari. Akauzungusha msumari huku uzi umekazwa. Ukaacha duara.

"Unaona, dada? Mashini haina macho. Duara haiijue. Iko na hesabu tu."

"Ni kama mbuzi kigingini," nikamwambia. "Anakula mpaka kamba inapoishia."

"Na kama ile kamba inaongezeka, kila hatua kidogo?"

"Basi harudi alipoanzia. Anapita kwa nje."

"Njo vile," akasema, ndivyo hivyo kwa Kiswahili cha kwao. Akauachilia uzi kidogo kidogo huku akizungusha, na mstari ukapita pembeni mwa mwanzo wake bila kuugusa. Duara halikufunga.

Nilitazama ule mstari nikajua nimeuona mahali. Siku ile sikumwambia ni wapi.

Hii ilikuwa mwaka 2012. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba. Miaka mitatu kabla ya hapo mama alikufa, kwa kifua, na baba akamfuata kabla mvua nyingine haijanyesha. Tulibaki watoto watatu, mimi wa kwanza. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alishuka kutoka Kaaleng, kaskazini, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba tuliyopanga Lodwar, akatugawa. Mimi niolewe. Ndugu yangu wa kiume aende naye Kaaleng akachunge. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, aende Kataboi, ziwani, kwa shangazi anayekausha samaki. Nikamuuliza mbuzi wa baba wako wapi, kwa sababu watoto wenye mbuzi hawagawanywi hivyo. Alikuwa akisugua meno kwa kijiti cha mswaki. Akatema pembeni, akasema waliisha na kiangazi.

"Wote?"

"Kiangazi haichagui."

Nikamwambia hatugawanyiki maadamu nina kazi. Akasema vizuri, nishike kazi, na siku itakaponiponyoka atakuja na lori la kutuchukua. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayepanga safari ya kawaida, na nilijua atakuja.

Kazi yenyewe ilikuwa studio. Tulipiga picha za vitambulisho, tukarekodi harusi na mazishi na kuzichoma kwenye DVD. Mwenye studio alikuwa ametoka Kenya, kama tunavyoita kwetu kila kitu kilicho kusini ya daraja la Kainuk, ingawa sisi pia tumo ndani ya nchi hiyohiyo. Alikuja Lodwar na kamera moja, akafungua na tawi Kakuma, karibu na kambi, akaniweka huko siku za kazi. Mwisho wa wiki nilirudi nyumbani, nikafua nguo za wadogo zangu, nikapika maharagwe ya kuwatosha siku kadhaa, nikaondoka tena.

Watu wananiuliza nilijisikiaje miaka ile. Nakumbuka mambo tu: vumbi lililoingia kati ya vibonye vya kompyuta nikalitoa kwa unyoya wa kuku. Harufu ya dizeli. Wasudani waliokuja kupigwa picha za familia, wakasimama wima kama wanangoja kuhesabiwa, kisha wakacheka sana mara tu kamera iliposhushwa. Mimi nilikuwa nikiwaambia "tabasamu" bila kutabasamu.

Mwalimu alikuwa mteja. Alifundisha watoto hesabu kambini, na alikuja kutumia kompyuta yetu kuwachorea michoro. Alikuwa na programu ndogo ya bure. Unaiandikia mstari wa hesabu, nayo inatia nukta mahali hesabu inaposema. Alinieleza hivi: chukua pembe, ipe jina t. Kosaini ya t inaiambia nukta iende kulia au kushoto kiasi gani. Saini ya t inaiambia ipande au ishuke. Ongeza t kidogo, tia nukta nyingine. Ukizidisha zote mbili kwa urefu wa kamba, una duara. Ukiufanya urefu wa kamba ukue pamoja na t, una mstari unaojikwepa.

Sikuwahi kufika darasa ambalo saini na kosaini hufundishwa. Nilizichukua kama nilivyochukua mambo mengine wakati ule. Ziko, zinafanya kazi, endelea.

"Wewe hauulizake kwa nini," mwalimu aliniambia.

"Nikiuliza zitabadilika?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wanafunzi yangu wote wangekuwa kama wewe, ningelala muchana."

Kutoka picha moja hadi video ni kurudia tu. Macho yanataka picha ishirini na tano katika kila sekunde, na kila picha inatofautiana kidogo na iliyotangulia, t ikisogea mbele. Kompyuta inapiga hesabu ya kila picha kutoka mwanzo. Sisi tuliita kupika. Jenereta ya mtaa ilikuwa ya mfanyabiashara Msomali aliyeizima dizeli ilipomwishia, bila kumwambia mtu. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na kanuni: usipike video nzima kwa pamoja. Pika picha mojamoja, kila moja ihifadhiwe peke yake. Umeme ukikatika, unapoteza ile iliyokuwa jikoni, na zilizoiva zinabaki. Kanuni hiyo niliielewa upesi kuliko hesabu yenyewe.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa alama ya baba.

Alama ya ukoo wetu ni duara lililoachwa wazi, ncha moja ikipita nje ya nyingine. Baba aliongeza kistari kifupi chini yake, mifugo yake isichanganyike na ya ndugu zake. Watu huchoma ngamia na punda. Baba alichoma hata mbuzi, shavuni, na majirani walimcheka kwa hilo, wakisema huyu angekuwa na kuku naye angemchoma. Nilikuwa nikimshikia mbuzi vichwa. Chuma kikitoka motoni kinakuwa cheupe kwanza, kisha chekundu, na alama inabaki nyeusi. Basi nikaipa nukta rangi hizo: ncha inayokwenda mbele nyeupe, nyuma yake nyekundu, nyuma zaidi nyeusi. Ilichukua siku nyingi, kwa sababu ya jenereta. Mwishowe ilijichora yenyewe kwenye skrini, polepole, kama mtu asiyeonekana anachoma kioo.

Mwalimu alisema ni mustari mzuri. Hakuuliza ni nini, na mimi sikusema. Kwake ilikuwa kamba inayoongezeka.

Mwanzoni mwa 2013 mwenye studio alikuja Kakuma kukagua duka, akaiona.

"Hii umetoa wapi?"

"Ni hesabu."

"Hesabu gani inawaka moto? Ebu rudisha." Akaitazama tena akiwa ameinama. "Hii ni kali. Nairobi wanalipisha watu pesa mingi kwa kitu kama hii. Niwekee kwa flash."

Nikamwekea. Nilikuwa nimemfanyia kazi muda mrefu na alikuwa hajawahi kusema kitu changu ni kikali. Nilirudi kwenye foleni ya picha za vitambulisho.

Wiki kadhaa baadaye, Lodwar, aliniambia niende naye kupeleka DVD ya harusi. Ilikuwa familia kubwa, yenye ngamia wengi. Harusi ilikuwa imefanywa mara mbili, kanisani na kimila, kwa kuchinja ng'ombe dume, na mahari ilikuwa imehesabika mbele ya watu. Mchana ule sebule yao ilijaa. Wazee walipewa viti, wanawake mikeka, bibi harusi akaketi chini karibu na televisheni, shingo imejaa shanga mpaka kidevuni. Nikaunganisha nyaya. Mwenye studio akabonyeza.

Ilianza kwa mifugo ya mahari ikipita katika vumbi. Kisha uso wa bibi harusi, umesimamishwa, ukijaza skrini. Na juu ya shavu lake, nyeupe kisha nyekundu kisha nyeusi, alama ya baba yangu ikajichora, na kistari chake chini.

Mwenye studio alikuwa akitabasamu, akingoja makofi.

Hakuna aliyepiga. Mzee mmoja, baba mkubwa wa bwana harusi, aliinua fimbo yake akaielekeza kwenye televisheni. Aliuliza kwa Kiturkana, taratibu: "Nani amemchoma huyu mwanamke?"

Mtu akaizima. Mwenye studio aliniuliza pembeni wamesema nini. Nikamwambia.

"Amechomwa wapi? Si ni grafiki?"

Ni vigumu kumweleza mtu wa Kenya. Mwanamke anapoolewa kwetu anaiacha alama ya baba yake na kuingia kwenye alama ya mumewe. Mifugo iliyolipwa na watu wote waliokula nyama ile ya harusi ni mashahidi wa hilo. Sisi tulikuwa tumeingia katikati, tukamtia yeye na mahari yake alama ya ukoo wa tatu, mbele ya wakwe. Kwa mtu wa kusini lilikuwa pambo. Kwa mwalimu wa Kongo lingekuwa kamba iliyorefuka. Katika sebule ile hakuna aliyeona kitu kingine isipokuwa chuma.

Kesho yake asubuhi wazee walikuja studio. Mwenye studio aliwatolea soda, akasema samahani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akasema ataifuta, na wao wakanywa soda.

"Iliyochomwa haifutwi," yule mzee akasema. "Alama hii ni ya nani?"

"Ya baba yangu," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nafikiri mpaka hapo walidhani mimi ni wa kubeba nyaya. Mzee aliniuliza baba alikuwa nani, nikamwambia. Akamfahamu.

"Yule aliyechoma mbuzi."

"Ndiye."

"Na wewe umechoma televisheni," akasema mwingine, na mmoja wao akacheka kidogo kwenye chupa. Yule mkubwa hakucheka. Alisema jambo hili halina uadui, lakini halikai hivi. Aletwe mbuzi mwenye alama ileile. Achinjwe, bibi harusi apakwe majani ya tumboni mwake, yale ambayo hayajawa mavi, na alama iliyomfunga itamfungua. Mwenye studio akasema atanunua mbuzi sokoni, dume mkubwa kuliko wote. Nikatafsiri. Mzee akatikisa kichwa. Mbuzi wa sokoni ana alama ya mtu mwingine. Wangekuwa wamemchoma mara ya pili.

Walipoondoka mwenye studio alikaa kitako juu ya sanduku la kamera.

"Watu hawa wakianza kusema studio yangu inaroga mabibi harusi, nimefunga. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Hadi hii kitu iishe, usikuje kazi. Ikiisha, rudi. Isipoisha..."

Nyumbani mdogo wangu wa kike alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Nikamwambia.

"Lakini mbuzi wa baba waliisha," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa utapata wapi mbuzi wa watu waliokufa?"

"Nitaenda Kaaleng."

Akaendelea kuchagua mawe. Baadaye akauliza, bila kuinua kichwa, kama samaki wa Kataboi wananuka kweli jinsi watu wanavyosema. Nikasema sijui. Akasema basi, anauliza tu.

Nilipanda juu ya lori la mahindi lililokuwa linakwenda kaskazini. Baba mdogo nilimkuta kwenye boma lake, amelala kivulini, kichwa juu ya kigoda.

"Ejok," akanisalimu bila kufungua macho vizuri. "Kazi imeponyoka?"

"Bado. Nakuja kuomba mbuzi."

Nikamweleza yote. Mkewe alisikiliza kutoka mlangoni. Nilipofika kwenye uso wa bibi harusi alijipiga paja. "Tulidhani mji utamfundisha kupika chapati. Kumbe anachoma watu ndani ya sanduku." Baba mdogo aliniuliza tu ni wazee gani, nikawataja kwa familia yao. Alama ile, ukitoa kistari, ilikuwa yake pia. Jambo lisipomalizwa lingemfuata yeye kila aendapo kuomba maji au mke wa mwanawe.

"Mbuzi za baba yako nilikuambia ziliisha," akasema.

"Uliniambia."

Akageukia upande wa pili. Nililala kwenye kibanda cha mkewe.

Asubuhi kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti wa miiba, jike, mweupe mwenye kichwa cheusi. Baba mdogo alikuwa ameshika kamba. Nilimgeuza yule mbuzi kichwa. Alama ilikuwa shavuni, duara lililo wazi, na kistari chini. Nikamfungua mdomo nikatazama meno. Alikuwa na meno mawili tu ya utu uzima. Mbuzi wa meno mawili ni mdogo. Baba alipokufa, huyu alikuwa hajazaliwa, hata mama yake huenda alikuwa bado ananyonya.

"Huyu amezaliwa baba ameshakufa," nikasema.

"Wanazaa. Ulitaka nizitie alama ya nani?"

"Ulisema waliisha."

"Ningesema ziko, ungeziuza. Nyumba ya kupanga, karo, sabuni, hiyo simu yako. Mji unakula mbuzi na mifupa haitemi. Zile ni za ndugu yako akiwa mtu mzima. Ziko peke yake, nachoma mimi mwenyewe, ata huyu mama hapa hajui ni ngapi."

"Najua," mkewe akasema kutoka ndani.

"Na ulikuwa unataka kutugawa, wakati mbuzi wapo."

"Watoto watatu pahali moja wanamaliza mbuzi. Pahali tatu wanashiba." Akanipa kamba. "Wewe umeshika kazi. Nimeona. Nilikuwa naulizia kwa watu wa malori."

Nilitafuta ndani yangu hasira, kisha nikatafuta shukrani. Palikuwa kama mfuko uliokung'utwa. Nilishika kamba. Njia nzima mbuzi alisimama juu ya magunia akinitazama, na mimi nikamtazama shavu.

Alichinjwa katika boma la wakwe, asubuhi, watu wakisimama nusu duara kama ilivyo desturi. Yule mzee alipasua tumbo, akachota majani mabichi kwa mkono, akampaka bibi harusi kifuani na shavuni, pale pale televisheni ilipomchoma. Nilikuwa nimesimama karibu, kama mtu wa upande ulioleta mnyama. Wazee walipogeukia nyama, bibi harusi alinisogelea, kijani kikimtiririka shingoni.

"Ule moto wako ulikuwa mtamu kuangalia," akanong'ona. "Usiseme nimesema."

Mzee alikata kipande cha ngozi ya shavu la mbuzi chenye alama akanipa. Akasema hiki si chao.

Mwenye studio alinirudisha kazini siku hiyohiyo. Aliniuliza kama nina hesabu nyingine ambayo haina baba. Nikamtengenezea. Katika ule mstari wa kamba niliibadilisha namba ya kuongezeka kuwa sufuri, na kistari nikakiondoa. Kamba ikakoma kukua, duara likafunga, likawa duara la mtu yeyote. Aliitumia kwenye harusi zote za mwaka ule. Kodi ya nyumba ililipwa. Lori la kutuchukua halikuja. Mdogo wangu hajafika Kataboi mpaka leo, ila kununua samaki.

Ile ngozi niliitia chumvi nikaikausha kwenye bati la duka la Kakuma. Ilipokauka niliiweka kando ya skrini, nikafungua faili la zamani. Hazikufanana. Yangu ilikuwa laini kupita kiasi. Ya kwenye ngozi ilitetemeka njiani, ikiwa nene hapa na nyembamba pale, kama iliyochomwa na mtu mwenye haraka, peke yake, bila wa kumshikia mbuzi kichwa.

Nikaongeza kwenye urefu wa kamba saini nyingine, ndogo sana, inayopanda na kushuka mara nyingi kabla t haijamaliza mzunguko. Mstari ukaanza kutetemeka. Nikaipunguza, nikaiongeza, mpaka ikakaribia ngozi.

Mwalimu alikuja, akasimama nyuma yangu na chai yake.

"Hapa umekosea, dada. Mustari inatetemeka."

"Sijakosea. Ni mkono wa baba mdogo."

Alitazama skrini, akatazama ngozi, akavuta kiti. Hakusema njo vile. Nilianza kupika, picha mojamoja, kila moja ikihifadhiwa peke yake. Jenereta ilizimika kabla duara halijafika nusu. Tuliketi pale tukingoja dizeli.